Nilivyofundisha sehemu (nusu, theluthi) kwa kuwaandikisha watoto barua

Mi nafundisha hesabu huku Rungwe, kidato cha kwanza nina watoto sitini na kitu, na nimechoka kuambiwa "hesabu ni mazoezi tu, waongezee maswali". Maswali nimeongeza weee, mtoto anakosea lile lile kila siku na kosa linazidi kukomaa. Ndo nikaanza kuwaandikisha, yaani aeleze kwa maneno alikuwa anawaza nini wakati anakokotoa.

Semina moja walituambia mwisho wa kipindi waandike "leo nimejifunza nini". Nikafanya vile vile walivyosema. Madaftari yote: nimejifunza sehemu, nimefurahi, mwalimu anafundisha vizuri, tena kwa Kiingereza cha kunakili ubaoni, maana hawa juzi tu wametoka la saba walikosoma kwa Kiswahili. Humjui mtoto hata chembe. Nikabadilisha: andika Kiswahili, na swali liwe moja tu, ½ + ⅓ umepataje jibu lako?

Jamani! 2/5 zilikuwa kibao, yaani kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, hiyo kila mwalimu anaijua, ila safari hii sababu niliisoma kwa mwandiko wao. Dogo mmoja kaandika mechi ya kwanza tulipiga penalti 2 tukafunga 1, ya pili tukapiga 3 tukafunga 1, jumla penalti 5 tumefunga 2. Sasa huyo utasema hana akili? Penalti zake ziko sahihi kabisa, shida ni kwamba penalti mbili na penalti tatu sio kizima kimoja, na sehemu unazojumlisha lazima zitoke kwenye kizima kile kile. Wino mwekundu usingenionyesha hilo.

Hapa sasa ndo najivunia. Nikawaambia mdogo wako yuko la tano kapata 2/5, mwandikie barua umwonyeshe haiwezekani, ila marufuku kutaja KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Marufuku kabisa! Wakatafuna kalamu weee, mwishowe binti mmoja wa nyuma, hanyooshi mkono huyo hata siku moja, kaleta hii: "Mdogo wangu, hujambo? Tukiwa na nusu debe ya viazi, mama akaongeza theluthi ya debe, lazima ipite nusu. Wewe unasema 2/5 na hiyo haifiki nusu, viazi vimeenda wapi?" Nikaisoma kwa sauti, darasa likalipuka. Kesho yake KDS waliidai wenyewe, wanataka vipande vilingane, 3/6 na 2/6, tayari 5/6.

Watu wananiuliza nasoma madaftari sitini saa ngapi. Sisomi yote, nachukua kumi hivi kwa zamu, muda wa chai yanakuwa yameisha. Kiswahili chao sisahihishi na maksi sitoi, ukiweka maksi tu wanaanza kuandika unachopenda kusikia. Hela hamna hapo, wanageuza daftari la hesabu wanaandikia nyuma, asiye nalo namkatia karatasi.

Kidato cha pili nao nimewaanzishia, tuko kwenye (a+b)². Wengi wameandika a² + b² "kwa sababu mraba unamgusa kila aliyeko ndani ya mabano". Safi sana, sababu ninayo kabla sijaingia darasani. Kesho naweka 3 na 4 tu: mabano yanatoa 49, njia yao inatoa 25, halafu wachore shamba la 7 kwa 7, wasake hiyo 24 iliyopungua iko upande gani na wamwandikie mdogo wao.