Alizeti ya ndege

Kila msimu, vichwa vya alizeti vinapoanza kukauka, hakosi mpita njia wa kuniuliza kwa nini upande wa kisimani sijauvuna. Nikimwambia ule ni wa ndege, hucheka, kisha hunitazama usoni kuona kama na mimi nacheka. Sicheki. Ule ni wa ndege kweli, nimeupanda, nimeupalilia, na kuvuna siuvuni.

Niko Liwale, mkoani Lindi. Ukiifuata barabara yetu ya vumbi unafika kwenye mapori ya Magingo, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, na ukizidi kusonga unaikuta Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Kwa hiyo kumtafutia mnyama chakula si shida yetu huku. Chakula ni sisi wenyewe. Muhogo, mahindi, mbaazi, mabibo yakiiva, kila kimoja kina mgeni wake, na mgeni huyo hapigi hodi.

Ndiyo maana niliposoma kwamba Marekani kuna watu wanaolima alizeti makusudi ili wanyamapori waje kula, nilirudia kusoma. Ni kweli. Mwenye ardhi, na pengine idara ya wanyamapori ya jimbo, anapanda alizeti ya mbegu nyeusi mwezi wa nne au wa tano, inakomaa kuelekea mwisho wa kiangazi chao, na Septemba 1 msimu wa kuwinda njiwa unapofunguliwa shamba liko tayari na wawindaji wako pembeni. Sheria yao inakataza kumwaga nafaka ardhini ili uwavute njiwa halafu uwapige. Lakini zao ulilootesha mwenyewe ukalifyeka hapohapo liliposimama, hilo ruksa. Na usidhani wanapanda tu na kwenda kulala: swala wa kule huimaliza miche ikiwa michanga, hadi wengine wanazungushia uzio wa umeme. Shamba la wanyama linawekewa uzio wanyama wasile! Nilimsomea Mjomba kipande hicho, akasema basi na wao ni wakulima kama sisi.

Bunduki sina na kuwinda siwindi, kwa hiyo habari ya njiwa niliiacha hapo. Iliyonikaa ni ya North Dakota. Jimbo hilo na jirani yake South Dakota ndiyo kwenye alizeti nyingi zaidi ya biashara Marekani, na adui yao ni makundi ya ndege weusi wanaolala kwenye matete ya mabwawani. Katikati ya miaka ya 2000 watu wa wizara ya kilimo walijaribu kupanda alizeti ya kuliwa karibu na mabwawa hayo, ndege wakiamka waikute hiyo kwanza, ya mkulima iwe ya mbali. Hapo nikasema, hili la kwangu.

Maana kuamia ndege, kuwafukuza wasile mazao, nakujua. Nimekulia kwenye dungu la mtama, na kopo la mawe mkononi. Kuamia kunataka mtu alfajiri na kunataka mtu jioni, na mtu mwenyewe siku hizi yuko shule, na kumtoa mtoto shule akafukuze tetere sikubali. Sanamu la makoti mabovu linasaidia siku chache, baadaye unawakuta ndege wamekaa juu ya kichwa chake wanapumzika. Fidia nayo usiingoje. Tembo akiingia shambani kuna kifuta jasho, unajaza fomu, unasubiri. Tetere hana fomu.

Kwa hiyo natenga mistari michache upande wa kisimani, kwa sababu maji yako hapo, kuna mkorosho mkubwa wa kutua, na ndege walikuwa wanaingilia hapo tangu zamani. Hili wengi hulikosea: wanataka kumhamisha ndege wampeleke kona wanayoitaka wao. Ndege ana njia yake. Wewe unachofanya ni kuweka chakula njiani.

La pili ni wakati. Alizeti huliwa zaidi kuanzia majani ya njano ya ua yanaponyauka, mbegu ikiwa bado na maziwa, hadi wiki kama tatu baadaye. Sasa kama mistari ya ndege na shamba kubwa vitafika hapo siku moja, umeongeza meza tu. Mimi ya ndege naipanda mvua ikishatulia, mara baada ya mahindi. Ya kwangu naisubirisha hadi mwishoni mwa Januari au Februari, ambayo ndiyo inafaa hata hivyo, maana alizeti ikikomaa mvua bado inanyesha kichwa kinaoza. Shamba langu likifika kwenye maziwa, ya kisimani mbegu zake zimekauka, zinadondoka, na ndege wameshazoea kula pale.

La tatu ni kichwa chenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu huoni watu wakilisema. Simama katikati ya shamba lililokomaa la Rekodi, ile mbegu ya alizeti ya kawaida isiyo chotara, uangalie. Vichwa vingi vimeelekea mashariki, lakini havikai sawa. Kimoja kimeinama kabisa, uso unaangalia ardhi. Kingine kimebaki kinaangalia juu kama sahani. Kilichoinama kinampa ndege kazi, hana pa kukanyaga, ale kichwa chini miguu juu. Chiriku anaweza, tetere hawezi. Kwa hiyo wakati wa kuchagua mbegu natenga mafungu mawili: vilivyoinama mbegu zake ni za shamba langu, vinavyoangalia juu ni za ndege. Nyuki wanazichanganya kila mwaka, najua, na kila mwaka nachagua tena. Kwa mbegu chotara hili halifai, hiyo ni ya kununua kila msimu, na mbegu ya bei ile siwezi kumpandia chiriku.

Nafasi ni ile ile ya kawaida, sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina, mbegu mbili au tatu kwa shimo, baadaye unapunguza ubaki mche mmoja. Shida ni kanga. Kanga anafuata mstari uliopandwa shimo baada ya shimo, anachakura, anakula, anakwenda la pili, na ukimkuta anakutazama utadhani umeingia kwake. Nafukia sentimita tano hivi na nakanyaga udongo. Hilo linapunguza, halimalizi.

Ukitaka kujua nani amekula, tazama kichwa. Mbegu za pembeni hukomaa kwanza, zinaingia ndani duara kwa duara, na ndege anakula kwa mpangilio huohuo. Utaona ukingo mtupu, vishimo vyeupe vimepangana, katikati bado kumejaa. Chini kukiwa na maganda yaliyopasuliwa nusu kwa nusu, huyo ni chiriku au kasuku, anabangua. Njiwa na tetere hawabangui, wanameza na ganda lake, na wanapenda kuokota chini kuliko kuning'inia. Miguu yao si ya kuchakura, kwa hiyo pakiwa na nyasi hawatui. Ndiyo sababu upande wa ndege naupalilia mpaka udongo uonekane, kisha mbegu zikikauka nakata vichwa vichache navipiga fimbo hapohapo chini. Asubuhi ya kesho yake tetere wamejaa, wanatembea na vifua vyao kama wakaguzi.

Mjomba hajakubali bado. Yeye ameamia mtama tangu utotoni na sauti yake inatosha vijiji viwili.

"Ukimlisha njiwa leo, kesho anakuletea shemeji yake."

"Shemeji yake yuko hapa siku nyingi, Mjomba. Mimi namwonyesha tu pa kukaa."

"Na akishiba hapo akaja kwangu?"

Hapo sina jibu zuri, maana shamba lake linapakana na kisima. Kwa hiyo mistari ya ndege nimeisogeza kidogo upande wangu, na yeye nampa mashudu ya kuku baada ya kukamua. Tunaendelea vizuri.

Sitaki nikudanganye kwamba kazi imekwisha. Asubuhi na jioni, wiki zile za maziwa, bado naweka mtu wa kuamia. Ila mchana shamba linakaa lenyewe, na kuliwa kunakoonekana ni kwa mistari ya mwanzo, huko ndani vichwa vimejaa. Ngedere hawamo kabisa kwenye mpango huu. Ngedere anavunja shina zima ale punje kumi, halafu anavunja la pili aone kama ni tamu zaidi. Kwa ngedere dawa ni mbwa.

Tembo je? Hili naulizwa kila mara. Huko Sagalla, Kenya, wakulima waliozungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki wamehimizwa kupanda alizeti, kwa sababu nyuki wanaitaka na tembo haifuati kama anavyofuata mahindi. Mizinga ninayo, nimeitundika kwenye mikorosho hiyohiyo ya kisimani, na alizeti inaponyoosha maua mapema namna ile nyuki wanapata kazi ya kuanzia kabla ya shamba kubwa kuchanua. Bila nyuki vichwa vinajaa mapepe. Lakini tembo akiamua kupita anapita, alizeti aipende asiipende, kwa hiyo mistari yangu nimeiweka mbali na njia yao ya zamani, na mahindi siyachanganyi humo hata shina moja.

Mwezi wa nane nafyeka yote. Mabua makavu ya alizeti wakati watu wanachoma mashamba ni hatari, moto ukiyapata unafika kwenye mizinga. Mengine yanakwenda jikoni, na majivu yake nayamwaga kwenye migomba kwa kuwa yana potasiamu nyingi. Yaliyonyooka Mjomba huyachukua kabla sijamwambia, anajengea banda la kuku. Msimu ujao pale kisimani naweka ufuta, ya ndege itahamia ng'ambo ya mkorosho, kwani ukirudia alizeti sehemu moja magonjwa yanabaki kwenye udongo.