Gomesi, Kanzu na Heshima ya Kabaka

Kila tarehe 31 Julai, Waganda huadhimisha siku ya mwaka 1993 ambayo Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa kuwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda nchini Uganda, katika kilima cha Naggalabi, Buddo. Nilipoalikwa kwenye maadhimisho hayo pamoja na kaka yangu, ambaye ameoa Buganda, nilifungasha dera langu la hariri na mtandio wake, nikiamini kwamba vazi la heshima ni la heshima popote. Wifi yangu alilitazama, akalisifu kwa dhati, kisha akalikunja na kulirudisha sandukuni. "Wifi, hili utavaa jioni. Mbele ya Kabaka tunavaa gomesi."

Gomesi ina shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mikono mifupi iliyosimama mabegani, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga. Inasimuliwa kwamba jina lake linatokana na fundi cherehani mwenye asili ya Goa, India, aliyeitwa Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichonigusa zaidi ni kinachovaliwa ndani yake, yaani kikoi, ambacho wao hukiita kikooyi, na ambacho huizuia nguo isishike mwili. Kikoi kile kile ambacho kwetu Tanga nimezoea kukiona kwa wanaume waliopumzika barazani, hapa ndicho kinachombeba mwanamke aliyevaa rasmi kuliko siku zote.

Kaka yangu hakupata taabu sana, kwa kuwa kanzu ilifika Buganda kutoka pwani. Hata hivyo, kanzu ya Kiganda hudariziwa kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee kuanzia shingoni hadi tumboni, na juu yake huvaliwa koti. Kwetu koti ni hiari ya mwenyewe, lakini kule mwanamume asiye nalo huonekana kama mtu aliyetoka nyumbani kabla ya kumaliza kuvaa.

Wapo wanaoona masharti haya ni mzigo kwa mgeni. Mimi nayaunga mkono kabisa. Ikulu ya Kabaka huko Mengo ilishambuliwa mwaka 1966, Kabaka wa wakati huo, Mutesa II, akakimbilia uhamishoni na kufia London mwaka 1969, na ufalme wenyewe ukafutwa mwaka 1967. Katika miaka yote hiyo ambayo hapakuwa na Kabaka, watu waliendelea kuvaa kanzu na gomesi katika kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, kana kwamba adabu ya ikulu imehamia majumbani ikisubiri kurudishwa. Mgeni anayeombwa avae hivyo anakaribishwa ndani ya subira ile.

Asubuhi ile wifi yangu alinifunga mshipi mara tatu, akinitaka kila mara nipige magoti na kuinuka, hadi fundo likaacha kulegea.