Nililala mbele ya Sakramenti Kuu

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Leo ngoja niwape aibu yangu moja.

Mwaka jana nilimdhamini mtu kwenye kikoba, mtu wa karibu kabisa, akaingia mitini na laki nane, yaani simu haipatikani mpaka leo. Deni likawa langu. Toka hapo usingizi ukanikimbia, saa nane usiku niko macho napiga mahesabu, rozari moja, mbili, novena nimemaliza zote nilizonazo kwenye simu na bado. Sala zangu zilikua maneno matupu, Mungu fanya hivi, Mungu mrudishe yule mtu, mpaka nikachoka kujisikiliza mwenyewe.

Alhamisi moja nimetoka kazini nikapita parokiani nikakuta wanaabudu Sakramenti Kuu, yaani Ekaristi. Monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Hostia, ule mkate wa Ekaristi, iko altareni, mishumaa inawaka, ubani bado unanukia, watu kama kumi na tano hivi na hakuna anayesema kitu. Mi ni mtu wa kwaya bana, besi, nimezoea ibada yenye nyimbo na mtu anaongoza sala kwenye maiki, sa kimya cha namna ile sikujua nikifanye nini. Mwanzoni kichwani kelele tu, konda wa daladala, mwenyekiti wa kikoba, marejesho ya Jumapili. Nikajaribu kusali, maneno yakagoma. Nikaacha. Nikawa naiangalia tu ile Hostia... alafu nakuja kushtuka mama mmoja wa WAWATA, wale wanawake Wakatoliki, ananigusa bega, "baba, Padre anatoa baraka". Nilikua nimelala! Na nadhani nilikoroma, maana vijana wa benchi la nyuma walikua wameziba midomo.

Nikapiga magoti, Padre kajifunika velo mabegani kainua monstransi, kengele inalia, mi aibu imenijaa lakini mwili mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mkaa.

Nje nikamfuata Padre kumwomba radhi, akacheka sana. Akanambia Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtawa wa Lisieux ambaye toka 1997 ni Mwalimu wa Kanisa kabisa, cheo cha watakatifu wenye mafundisho mazito, naye alikua anasinzia kwenye sala, na aliandika kwamba wazazi wanawapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Nikapoa.

Kimbembe nilivyoenda kusoma kuhusu Saa Takatifu, yaani hiyo saa moja ya kukesha na Yesu kwa sala, nikakuta chanzo chake ni Getsemane, Yesu anawauliza mitume hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja, na wao wamelala fofofo! Ndo kule Paray-le-Monial, Ufaransa, miaka ya 1670, Mtakatifu Margareta Maria akaombwa na Yesu awe anakesha naye usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa tano mpaka saa sita. Kumbe Alhamisi haikuokotwa tu.

Siku hizi naenda kila wiki, simu naizima kabisa maana saileti yenyewe inatetemeka. Silali tena (mara nyingi). Rozari naiacha mfukoni. Yule mtu bado sijamsamehe vizuri, namtaja jina lake mara moja alafu nanyamaza, basi, mengine aendelee nayo Mwenyewe.

Deni limebaki laki mbili na nusu, na mke wangu kaanza kulalamika kwamba nakoroma.