Ngazi Iliyoishia Mwambani

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka kumi na minane, naishi na mama Igogo, Mwanza, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaandika hadithi za taharuki za Kikristo. Nilitaka hadithi ambayo giza lake ni giza kweli na maombi yake ni maombi kweli, msomaji akimaliza asibaki na hofu, abaki na Mungu. Nilikuwa na daftari la kaunta buku ambalo vijana wa kanisani walipokezana mpaka jalada likang'oka.

Kilichonikosesha usingizi ni nyumba. Hadithi ya aina ile haisimami bila nyumba, na nyumba za kubuni zilikuwa zinanishinda, zinatoka zote zinafanana. Ndipo siku moja, kwenye kompyuta ya kulipia huko mjini, nikasoma habari za Sarah Winchester, mjane wa Marekani. Utajiri wa ukoo wa mumewe ulitokana na bunduki. Mtoto wao alikufa akiwa mchanga, mume akafuata 1881. Mwaka 1886 akanunua nyumba ya shamba karibu na San Jose, California, akaanza kuipanua, na hadi anafariki 1922 ilikuwa na vyumba kama 160, ngazi inayopanda hadi kugota darini, na mlango wa ghorofani unaofunguka hewani. Ile habari ilisema alijenga hivyo kwa kuwakimbia mizimu ya watu waliouawa na bunduki za ukoo. Niliamini yote. Nikarudi nyumbani kwa miguu huku nikijua nyumba yangu ni ipi.

Mwanza jiwe likikushinda kulivunja unalifanya ukuta. Kule juu, mlimani kwetu, kulikuwa na nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa jabali lenyewe, mabati yameegemezwa juu yake kama kofia. Ubavuni palikuwa na ngazi ya mawe na saruji, imejengwa vizuri, inapanda, inapita usawa wa mabati, inafika juu ya jabali na kuishia hapo. Hakuna chumba wala mlango juu yake. Usiku wa manane taa ilionekana ikitembea uani. Zilisikika sauti za vitu vikiburuzwa, na nyuma ya nyumba, kutoka kwenye mawe, kilio kinachoanza kama mkoromo na kupanda mpaka kinakuwa ukelele wa mtu anayekabwa. Aliyeishi humo alikuwa bibi mmoja mjane, peke yake, mwenye macho mekundu.

Aliyekulia Usukumani anajua maneno hayo matatu ya mwisho yana uzito gani. Vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga katika mikoa yetu, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupuliza moto wa kuni na samadi ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Nililijua hilo. Nililisikia redioni, nililisikia kanisani. Bado niliandika.

Nilimwandika jinsi alivyo: ngazi yake, taa yake, jabali lake, kanga yake ya rangi ya damu ya mzee. Jina sikumpa. Katika hadithi yangu ngazi ile ilikuwa njia ya mapepo kushukia, na mwishoni vijana watano walikesha wakiomba nje ya uzio hadi moto ukashuka kutoka juu na kuiteketeza nyumba. Nikaisoma Jumamosi jioni kwenye kikao cha vijana. Watu walishangilia. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Si ni kwa yule bibi wa mwambani?" Nikanyamaza. Nilifurahi kwamba ametambua.

Jumatano usiku mabati ya bibi yakapigwa mawe.

Mama alikuja nayo habari kutoka bombani asubuhi. Hakunigombeza. Alilichukua daftari akasoma amesimama mlangoni, kurasa zote, ndoo ikiwa bado kichwani. Alipomaliza akaniuliza amri isemayo usimshuhudie jirani yako uongo niliifundishwa nikiwa darasa la ngapi. Kisha akasema, "Ijumaa tunakwenda kulala kwake. Daftari utabeba wewe."

Tulipanda jua likiwa linazama. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na upande wa kisiwani mitumbwi ya dagaa ilikuwa imeanza kuwasha taa. Bibi alikuwa ameketi kizingitini anamenya viazi vitamu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamsalimu mama kwa Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu kama watu wasio na shida. Mama alipoeleza kwamba tumekuja kulala, hakuuliza kwa nini. Alisogeza mkeka. Karibu na mlango kulikuwa na mawe manne ya ukubwa wa ngumi, ameyapanga vizuri, na juu kwenye bati niliona mahali palipobonyea.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "nisaidie kushusha kabla umande haujaanguka."

Akanipa ungo, akanionyesha ngazi.

Nilipanda vidato vile ambavyo nilikuwa nimeviandika kwa mkono wangu kuwa ni njia ya kuzimu. Juu, jabali lilikuwa bapa na pana kama ua, bado lina joto la mchana linalopenya kwenye nyayo. Limejaa michembe. Vipande vyeupe vya viazi vimepangwa kwa mistari hadi ukingoni, vingine vimeshakauka na kukunjika, na upande wa pili matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, ya rangi ya udongo. Hapakuwa na mahali pengine mlimani pale penye jua la kutosha ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Mumewe, fundi, ndiye aliyemjengea ngazi ili asikwee jabali kwa magoti. Nilijaza ungo mara nne. Harufu ya michembe ile, tamu kidogo na ya vumbi, mpaka leo ikinipata sokoni mimi husimama.

Miaka mingi baadaye niliisoma upya habari ya yule mjane wa Marekani, safari hii kwa uangalifu. Vidato vya ngazi zake vilikuwa vifupi ajabu kwa sababu viungo vyake viliuma na hakuweza kunyanyua mguu. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi liliziharibu ghorofa za juu, zikaondolewa, hakuzijenga tena, na sehemu ya milango na ngazi zisizofika popote ni mabaki ya hapo. Hadithi ya mizimu ilipambwa na magazeti, na hata mwaka haujaisha baada ya kifo chake nyumba ikaanza kutoza kiingilio. Waliochunguza maisha yake hawakupata ushahidi kwamba yeye aliamini hayo. Alikuwa mwanamke mwenye fedha, mpweke, anayependa kujenga. Nilipofika hapo niliziona ngazi zote mbili kwa pamoja, ya kwake na ya bibi.

Usiku ule kilio kilianza kama saa nne. Nilikuwa nimelala ubavu, mgongo wangu kwenye jabali, na sauti ikaja kana kwamba inatoka ndani ya jiwe. Mwili wote ulinisisimka. Mama akacheka kidogo gizani. "Pimbi," akasema. Bibi akaongeza kwamba wanaishi kwenye nyufa za nyuma, ukoo mzima, na dume lao hulia hivyo usiku. Kisha mama akasema kitu ambacho mimi, msomaji wa Biblia tangu utoto, sikuwahi kukijua: pimbi ndiye wibari. Wale wanyonge wa Mithali 30 wanaojifanyia nyumba miambani, waliohesabiwa miongoni mwa wadogo wenye akili nyingi. Nilikuwa nimekariri sura ile kwa mashindano ya kanisa, na usiku baada ya usiku nilikuwa nikisikia wibari nikawaandika mapepo.

Saa nane bomba la uani likaanza kukoroma. Mlimani kwetu maji yalikuwa hayapandi mchana, walio chini wakiyamaliza yote. Yalifika usiku watu wakilala, uzi mwembamba, ndoo moja kwa karibu nusu saa. Bibi akawasha koroboi, akatoka akiburuza ndoo zake za bati kwenye saruji. Ndiyo ile taa, na ndiyo zile sauti. Tukatoka wote watatu, tukakaa kwenye vidato vya chini vya ngazi kungojea zijae.

"Nimeambiwa umeniandika," bibi akasema. "Nisomee."

Nilimtazama mama, akaelekeza macho kwenye daftari. Nikasoma kwa mwanga wa koroboi, moshi ukiniingia machoni. Sikuruka kitu. Nilisoma ngazi ya mapepo, nikasoma macho mekundu, sauti inanikwama. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, anasokota pindo la kanga, mara moja tu akanirekebisha kwamba kanga ile alinunuliwa na mumewe huko mjini Magu. Nikafika kwenye mkesha, kwenye vijana watano, kwenye moto. Nikafunga daftari.

Alikaa kimya. Kule chini honi ya meli ikalia mara moja bandarini.

"Nyumba iliungua yote?"

"Yote, bibi."

"Na yule bibi," akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli hadithi imeishaje, "alikuwa ndani?"

Nilitafuta jibu. Nilirudia ukurasa wa mwisho akilini, mstari kwa mstari, na sikumwona popote. Sikuwa nimeandika.

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yale ya kusubiriwa yanamwagika kwenye saruji na kupita kati ya miguu yetu. Mama ndiye aliyeinuka kubadilisha.