Mwalimu Mkuu Aliyekabidhi Ofisi Akarudi Darasani

Somo: 1 Samweli 12:1–5, 23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili tumtafakari Samweli siku ile alipokabidhi uongozi mbele ya Israeli yote. Alikuwa mzee mwenye mvi, wanawe walikuwa wamelichafua jina la nyumba yake kwa kupokea rushwa, na watu walikuwa wamedai mfalme wakampata. Hakutumia nafasi hiyo kusimulia mafanikio yake, bali alijiweka chini ya ukaguzi wa watu wote: "Nimetwaa ng'ombe wa nani? Au nimetwaa punda wa nani?" Kila aliyewahi kuwa mwalimu mkuu anaijua siku ya namna hiyo: funguo zimewekwa mezani, daftari la mali ya shule limefunuliwa, vitabu vya risiti za karo vimepangwa kwa miaka, na anayepokea ofisi ameketi mkabala akisubiri kutia sahihi. Watu wakashuhudia kwamba Samweli hakumdhulumu mtu. Hata hivyo hakuagana nao, kwa maana katika aya ya 23 anasema itakuwa dhambi kwake kuacha kuwaombea, kisha anaongeza: "lakini nitawaelekeza katika njia iliyo njema, na kunyoka."

Aya hiyo hunipeleka moja kwa moja kwa Edward Carey Francis, ambaye wazee wengi wa Kenya waliopita mikononi mwake walimheshimu, na wengine walimwogopa. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akasoma hisabati Cambridge na kufundisha huko katika chuo cha Peterhouse. Mwaka 1928 aliiacha nafasi hiyo, ambayo wasomi wengi wangeishikilia maisha yao yote, akaja Maseno, magharibi mwa Kenya, chini ya Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana, kuwa mkuu wa shule. Mwaka 1940 alihamia Alliance High School huko Kikuyu, shule iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti, akaiongoza kwa miaka 22. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mawaziri kadhaa wa serikali mpya walikuwa wamepitia madarasa ya Alliance.

Sipendi tuwapake watumishi wa Mungu rangi ya malaika. Carey Francis alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni. Alikuwa mkali, na wapo wanafunzi waliokuja kusema kwamba uongozi wake ulikuwa wa baba anayewaona watu wazima kuwa bado watoto. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1950, aliipinga waziwazi Mau Mau, harakati ya wapiganaji waliodai ardhi na uhuru. Lakini pia alilalamika kwa wakubwa wa serikali juu ya ukatili ambao askari wao waliwatendea wananchi, jambo ambalo Wazungu wengi wa koloni hilo hawakuthubutu kulifanya. Kasoro zake nazijua, na bado nasema alikuwa na jambo moja ambalo kanisa letu linalihitaji sana leo.

Jambo lenyewe ni lile alilofanya baada ya mwaka 1962. Alipostaafu Alliance, angeweza kurudi Uingereza kupumzika kwa heshima, au kutafuta kiti katika bodi fulani na kutoa ushauri. Badala yake alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa mashariki wa Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida. Mtu aliyekuwa akipanga ratiba ya shule nzima sasa alifuata ratiba iliyopangwa na mwingine; aliyekuwa akiwaita walimu ofisini sasa aliweza kuitwa. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1966.

Nauliza, wapendwa, ni wangapi kati yetu wanaoweza kufanya hivyo. Tunamfahamu mzee wa kanisa ambaye muhula wake ulipokwisha alihamia ushirika mwingine, na mwenyekiti wa kwaya ambaye tangu apigiwe kura ya kushindwa hajaonekana mazoezini. Naamini uchungu wao ni wa kweli, kwa sababu anayeachia cheo huona simu zimepungua na ushauri wake hauulizwi tena. Samweli naye aliuonja: watu walipodai mfalme aliumia, akalipeleka jambo hilo kwa Bwana katika maombi, na bado akabaki kuwaelekeza watu walewale waliomkataa.

Katika shirika zetu wamo walimu wakuu wastaafu, waume kwa wake, wanaokaa viti vya nyuma Jumapili wala hakuna anayewapa kazi. Juma hili viongozi wa vijana wawaendee kwa adabu, wawaombe saa moja ya Jumamosi kuwafundisha hesabu watoto wetu wanaojiandaa kwa mitihani ya taifa. Nanyi walimu wetu mnaosoma tafakari hii, mkiombwa, tafadhali msikatae.