Darubini ya Ndege Usiku wa Mambrui

Matatu ya kutoka Mombasa ilijaa mapema. Makanga alitaka kuutupa mkoba wangu mrefu nyuma pamoja na magunia. Nikakataa katakata, nikaupakata Mtwapa, Kilifi, Gede, hadi Malindi. Ndani mlikuwa na darubini ya jicho moja, ile wanayotumia watazamaji wa ndege: lenzi ya mbele ina upana wa milimita 80, na lenzi ya jicho inakuza kuanzia mara 20 hadi 60. Mchana ningeitumia penye mlango wa Mto Sabaki. Usiku ningeielekeza kwenye sayari, na hiyo ndiyo hasa iliyonitoa nyumbani.

Ilikuwa Januari 2025. Zuhura na Zohali zilikuwa zimekaribiana upande wa magharibi, Mushtarii iko juu jirani na Kilimia, na Mirihi ilifika mkabala na Jua tarehe 16, maana yake Dunia ilikuwa katikati yao. Nyakati kama hizo haziji kila mwaka, na Mombasa taa zimezidi.

Alasiri niliimalizia Sabaki. Maji yalikuwa yamekupwa, buabua wamejaa kwenye fungu la mchanga, sululu wanachokoa tope, na kwa mbali heroe wamesimama kwenye maji ya kina kifupi. Hapo ndipo ninapoipima darubini kabla giza halijaingia. Mlenge buabua mweupe dhidi ya anga, kuza mpaka 60, halafu tazama ukingo wa bawa lake. Kioo duni huuvisha ukingo huo utepe wa zambarau au kijani. Kioo cha ED, kilichotengenezwa ili rangi zisitawanyike, huacha bawa likiwa jeupe na mstari wake umekatika vizuri. Darubini iliyoshindwa na bawa la buabua usiitegemee kwa Zuhura, maana ile inang'aa kuliko chochote angani ukiacha Jua na Mwezi, na kila kasoro ya kioo huianika.

Nikavuka daraja kwa bodaboda hadi Mambrui. Mwenyeji wangu ni nahodha aliyestaafu, nyumba yake iko karibu na ufuo.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Hicho si cha wapima ardhi?"

Nikamwambia ardhi yake iko salama, hiki ni cha mbinguni.

Kaskazi ilikuwa inavuma. Kwenye ukuzaji wa mara 60 hata pumzi ya upepo huirusha sayari nje ya duara, kwa hiyo stendi ina uzito sawa na kioo. Tulijikinga nyuma ya ukuta wa ua, nikaifupisha miguu mitatu hadi kimo cha mtu aliyekaa kwenye kigoda, nikaining'inizia mfuko wa mchanga katikati. Darubini yenyewe nilikuwa nimeiacha nje tangu jioni. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi, unyevu wa pwani hii hutanda juu ya lenzi papo hapo, na kuifuta kila mara ni kuiharibu.

Baada ya Maghrib tulianza na Zuhura. Kwa jicho tupu ni nukta kali. Kwenye lenzi ilikuwa nusu duara safi, kama mwezi wa siku saba. Zohali ilikuwa kando yake, imefifia zaidi. Kwa kawaida mara 30 tu zinatosha kuonyesha kwamba ina pete, lakini mwaka huo pete zilikuwa karibu kutugeukia ubavu, jambo linalotokea takriban kila miaka 15. Niliona kijistari chembamba tu kikitokeza pande zote mbili. Ndiyo maana nilitaka kuziona Januari hiyo: Machi zingetugeukia ubavu kabisa, na wakati huo Zohali yenyewe iko karibu mno na Jua, haitazamiki. Tangu hapo zinafunguka tena taratibu hadi zifikie upana wake mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Mushtarii ndiyo iliyotuchukulia usiku. Nahodha aliinama, akanyamaza kitambo.

"Subhanallah. Mbona ina wana?"

Ni miezi yake, nikamwambia, imejipanga kwenye mstari mmoja. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona Januari 1610 kwa chombo kilichokuza takriban mara 20, sawa na kiwango cha chini kabisa cha darubini hii, tena kioo chake hakikuwa na ubora wa hiki. Nilipokuza hadi 60, mikanda miwili ya kahawia ikatokea kwenye uso wa sayari. Mwezi mmoja ulikuwa karibu na ukingo. Tukaenda kuswali Isha, tukala, na tuliporudi umbali wake ulikuwa umebadilika. Io, mmoja wa miezi hiyo, huizunguka Mushtarii kwa chini ya siku mbili, kwa hiyo mwendo huo unaonekana usiku uleule.

Kufikia saa tatu sayari ilikuwa juu sana upande wa kaskazini. Huku kwetu, jirani na Ikweta, sayari hupita juu, kwenye hewa nyembamba isiyotetemesha sura zao. Jicho la darubini yangu limepinda, kwa hiyo shingo haikuumia; ya kunyooka ingetulaza chali. Ikweta hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Waitaliano kurusha setilaiti Ngomeni, mbele kidogo ya hapa. Kwenye jukwaa la San Marco baharini ilirushwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa kuchunguza anga kwa eksirei, ikapewa jina hilo kwa sikukuu yetu. Watoto wengi wa Mambrui niliowauliza hawakuijua habari hiyo, na inaniuma.

Mirihi tuliitazama mwisho. Siku chache kabla ilikuwa umbali wa kilomita milioni 96 hivi, na bado kwenye ukuzaji wa mara 60 ni kisahani kidogo cha rangi ya chungwa. Anayetaka alama za usoni mwake atafute darubini ya nyota yenye kioo kipana zaidi. Kwa kila kingine tulichokiona, ya ndege inatosha.

Nahodha aliniuliza mwanawe, anayewatembeza wageni Sabaki, anunue ipi. Nikamwambia aanze na stendi nzito, kisha ya milimita 80 yenye kioo cha ED na jicho lililopinda, hata ikiwa imeshatumika, mradi aipime kwanza kwa buabua.