Koilova zilinivunja mgongo, kumbe kosa lilikuwa kimo

Nina gari dogo la milango mitano lenye injini kali, na ndilo linalonipeleka kazini kila siku. Nilipofunga koilova (shokapu zenye springi juu yake, ambazo kimo chake hurekebishwa) nililishusha milimita 50, kwa sababu ya uzuri tu. Kila tuta likawa nyundo. Nikadhani shokapu ni laini, nikazikaza. Ikawa balaa zaidi.

Nilipoingia chini na tochi nikaona: raba za kuzuia shokapu isigonge mwisho zilikuwa zimeshabanwa gari likiwa limesimama. Springi haikuwa na nafasi ya kujikunja hata kidogo. Nikapandisha hadi mshuko ukabaki milimita 25, kwa kuzungusha kikalio cha springi na si sehemu ya chini ya shokapu (kwenye seti yangu viwili hivyo vinajitegemea). Halafu nikalegeza ugumu wote wa shokapu, nikaongeza kliki (hatua za kirekebishi cha ugumu) mbili mbili kwenye barabara ileile mpaka gari likaacha kudundadunda baada ya tuta.

Alaimenti nilifanya mwisho, maana kimo kikibadilika na pembe za magurudumu hubadilika. Tairi za mbele zilikuwa zimeshaanza kulika upande wa ndani.